Maswali ya Wasomaji: Mbegu ya Tufaha Kandokando ya Ziwa

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Mwanza na visiwa vyake zinauliza jambo moja kwa namna tofauti, nalo ni habari ya mtufaha, yaani mti wa epo. Nimechagua nne, na kwa kuwa ile ya kwanza ndiyo inayobeba kiini cha mengine yote, nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake.

Swali: Ndugu mwandishi wa safu hii, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Igoma. Wanangu wanapenda sana epo, lakini kila nikipita sokoni naona kwamba kwa fedha ya epo mbili ningeweza kurudi nyumbani na fungu zima la maembe. Kwa hiyo nimekuwa nikihifadhi mbegu katika kikombe, na sasa zimefika kama arobaini. Je, nikizipanda nyuma ya nyumba zitanipa epo kama zile tulizokula? Jirani yangu ananiambia kwamba mti huo hauoti Mwanza kabisa, kwamba ni mti wa Ulaya na wa Lushoto tu.

Jibu: Dada yangu wa Igoma, jirani yako amekosea, lakini nawe usifurahi mapema. Mbegu zitaota, mradi zipitishwe kwanza kwenye ubaridi kama nitakavyoeleza katika swali la pili. Miti itakua, tena itakua haraka kuliko unavyodhani. Tunda ndilo lenye maneno.

Kwanza tuliangalie lile tunda lenyewe. Siku nyingine, badala ya kulipasua kutoka juu kwenda chini kama tulivyozoea, likate kwa kukingama, katikati, kama unavyokata kitunguu. Utaona nyota ya vyumba vitano, na katika kila chumba kwa kawaida mna mbegu moja au mbili. Mbegu hizo ni ndugu wa mama mmoja, lakini si lazima wawe wa baba mmoja. Ua la mtufaha, kwa aina nyingi, halikubali chavua ya mti wake wala ya mti mwingine wa aina ile ile. Hungoja nyuki alete chavua ya aina tofauti. Ndiyo maana wakulima wa Afrika Kusini, ambako matufaha mengi yanayouzwa madukani kwetu hutoka, huchanganya aina mbili au zaidi katika shamba moja. Tunda ulilokula lilipata nyama na ladha yake kutoka kwa mti mama, lakini mbegu iliyokuwa ndani yake ni kiumbe kipya, mwenye nusu ya damu ya mti ambao wewe wala mimi hatuujui. Ukipanda mbegu arobaini, utapata miti arobaini isiyofanana, na mingi kati ya hiyo, ikizaa, itazaa matunda madogo, makali au makavu.

Jambo hili si geni kwetu. Hakuna mtu wa Kagera atakayetafuta mbegu ili apate mgomba ule ule wa babu yake. Atachimbua chipukizi, kwa sababu chipukizi ni mgomba ule ule ukiendelea mahali pengine. Mtufaha hautoi machipukizi ya namna hiyo, na kwa sababu hiyo watu tangu zamani sana wamefanya kazi hiyo kwa kisu: wanakata kijiti cha mti wanaoupenda, yaani kikonyo, na kukibebesha juu ya shina la mti mwingine. Kila mti wa Golden Delicious ulioko duniani ni kipande cha mti mmoja uliojiotea katika shamba moja huko West Virginia, Marekani, ukahamishwa kutoka mkono hadi mkono.

Nasema ulijiotea, na hapo ndipo haki inanitaka niseme upande wa pili. Aina kadhaa mashuhuri zilianza kama mbegu isiyotarajiwa na mtu. Lile tufaha la kijani, Granny Smith, lilitokana na mche uliojiotea karibu na Sydney, Australia, katika shamba la mama mmoja aitwaye Maria Ann Smith, mnamo mwaka 1868. Huko India, katika jimbo la Himachal Pradesh, mkulima Hariman Sharma alipata mti uliotokana na mbegu za matufaha yaliyokwisha kuliwa, akauangalia ukizaa mahali pa joto ambapo hakuna aliyetegemea, akaubebesha, na leo unajulikana kwa jina la HRMN-99. Hizo ni habari za kweli. Lakini tunazisikia kwa sababu ni chache. Hakuna anayeandika habari za mbegu elfu nyingi zilizotoa miti ya kuni. Mbegu ni bahati nasibu ambayo tiketi yake hukaa miaka sita, nane, hata kumi kabla ya kusomwa.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa, ambayo ndiyo iliyomtisha jirani yako. Mtufaha asili yake ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan, ambako majira ya baridi ni makali. Mti huo umejifunza kulala: majani hupukutika, macho ya matawi, yaani pale yanapochipulia majani na maua, hufunga, na hayafunguki mpaka yahesabu saa za kutosha za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Aina nyingi za kawaida zinahitaji saa kati ya 800 na 1,000, nyingine zaidi. Mji wa Mwanza uko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lile kubwa hutunza joto la mchana kama jiwe la jikoni; hata usiku wa Juni na Julai kipimajoto hakishuki kufikia nyuzi 7, wala hakikaribii. Njombe na Makete wana baridi ya milimani inayofika hadi kuganda kwa umande, na Lushoto iko juu yetu kwa kiasi cha kutosha. Sisi hatuna saa hata moja ya kuuhesabia mti huo.

Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo sana. Anna ilizalishwa Israeli, huko Ein Shemer, kwa kuchanganya Golden Delicious na aina ya huko iitwayo Red Hadassiya. Dorsett Golden ilitokea katika visiwa vya Bahama, ambako baridi yao ni ya jina tu. Hizi mbili huchanua karibu wakati mmoja na kupeana chavua, na kwa maoni yangu, mtu wa Mwanza anayetaka kula tufaha la mti wake asitazame kwingine kabla ya kuzijaribu hizi.

Basi mbegu zako arobaini zina kazi gani? Zina kazi nzuri kuliko ile uliyozikusudia. Zipande ziwe mashina ya chini, yale ya kubebeshea vikonyo. Mche uliotokana na mbegu hupeleka mizizi mbali na kushika ardhi kwa nguvu, na katika udongo wetu wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, unaokauka wiki mbili tu baada ya mvua kukatika, ninauona bora kuliko mashina mafupi ya kisasa ambayo mizizi yake ni dhaifu na yanayotaka nguzo na maji ya kila mara. Ubaya wake ni kwamba mti utataka kuwa mrefu, na itakubidi uukate kila mwaka ili matunda yabaki mahali ambapo mkono unafika.

Mche ukifikia unene wa penseli, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, unaukata sentimita 15 au 20 juu ya ardhi, unaupasua katikati kwa kisu kikali kilichosafishwa, unachonga kikonyo chenye macho matatu au manne kiwe na umbo la kabari, unakitumbukiza kwenye mpasuko ili ganda la ndani la upande mmoja likutane na ganda la ndani la mwenzake, kisha unafunga kwa ukanda wa plastiki. Hapo kwenye kukutana kwa maganda ndipo watu wengi hukosea: wanakiweka kikonyo katikati kwa sababu kinapendeza machoni, wakati kikonyo chembamba kinapaswa kusogezwa ukingoni. Yeyote anayebebesha miembe au michungwa mtaani kwenu anaweza kukufanyia kazi hii katika asubuhi moja.

Miche na vikonyo vya Anna hupatikana kwa watunza vitalu wa nyanda za juu, na wengine huvipata Kenya. Ukitaka kuvileta kutoka nje ya nchi, anzia kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania upate kibali, na muuzaji akupe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Najua wako wanaopitisha vijiti mpakani vikiwa vimeviringishwa ndani ya kitenge. Wanaweza pia kuwa wamepitisha vidukari sufi, wadudu wadogo wenye manyoya meupe kama sufi, ambao wakishaingia kwenye mizizi ya mtufaha hawaagiki kirahisi.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Nyegezi. Nilipanda mbegu kumi na mbili za tufaha kwenye makopo, nikamwagilia kila siku kwa miezi miwili, hakuna hata moja iliyoota. Nilipofukua nilikuta nyingine zimeoza na nyingine ziko vile vile. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kwenye maji wala kwenye udongo peke yake. Mbegu ya tufaha nayo hulala kama mti wake, na haiamki kwa kumwagiliwa. Inataka kwanza ipite katika ubaridi wenye unyevu kwa muda wa siku 60 hadi 90. Kule kwao hulala ardhini wakati wa baridi na kuamka joto linaporudi. Wewe uliipeleka moja kwa moja kwenye joto la Nyegezi, nayo ikangoja baridi ambayo haikuja.

Dawa yake ni jokofu. Toa mbegu kwenye tunda, zioshe mpaka utelezi wote uishe, ziloweke usiku mmoja, na zile zinazoelea uzitupe. Zifunge katika kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa, au uzichanganye na mchanga mbichi uliomwagiwa maji moto ukapoa, kisha ziweke ndani ya kikopo chenye kifuniko na ukiweke chini kabisa kwenye jokofu, pale panapowekwa mboga. Joto la nyuzi 3 hadi 5 ndilo linalotakiwa. Usiziweke kwenye friza. Umeme ukikatika kwa saa chache usiwe na wasiwasi, ila usifungue mlango wa jokofu ovyo, na mama yako mwambie mapema kilichomo ndani ya kikopo hicho. Mimi za kwangu za kwanza zilitupwa pamoja na kiporo cha mchicha.

Kila wiki fungua utazame. Ukiona ukungu, osha mbegu na ubadilishe kitambaa. Ikifika wiki ya nane au ya kumi utaona baadhi zimepasuka kwenye ncha na kutoa kimzizi cheupe kama jino la mtoto mchanga. Hizo ndizo za kupanda siku hiyo hiyo, kwenye viriba vilivyojazwa udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri, kina kisichozidi sentimita moja na nusu, kimzizi kikielekea chini. Wakati mwingine utapasua tufaha lililokaa miezi mingi kwenye ghala la baridi ukute mbegu imekwisha kuota humo humo ndani. Hiyo imekwisha kumaliza usingizi wake safarini, na unaweza kuipanda moja kwa moja.

Baada ya hapo adui wako ni kinyausi, yaani ule ugonjwa unaoukata mche mchanga usawa wa udongo ukalala kama uliofyekwa. Huletwa na maji mengi na hewa iliyofungika. Wewe uliyemwagilia kila siku kwa miezi miwili, nakuomba sana, gusa udongo kwa kidole kwanza. Ukiwa na unyevu, acha. Na weka viriba mahali ambapo kuku hawafiki.

Jambo moja zaidi kwa usalama: mbegu za tufaha usizitafune. Zina kitu ambacho kikisagwa hutoa sumu ya sianidi. Moja mbili ulizomeza nzima hazina neno, lakini kikombe kizima cha mbegu zilizosagwa ni habari nyingine.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mstaafu, ninaishi Sengerema. Nina mtufaha wa Anna uliobebeshwa, niliouleta kutoka nyanda za juu. Sasa una miaka mitano. Una afya, majani ni ya kijani mwaka mzima, lakini nimeona maua mara moja tu, tena machache. Matawi ni marefu, yako wazi, na majani yamekusanyika kwenye ncha peke yake. Nimeambiwa niukate nipande mparachichi.

Jibu: Mzee wangu, heshima zako. Usiukate, mti wako unakuuliza swali ambalo wakulima wa Java walikwisha kulijibu.

Hiyo picha uliyoichora, ya matawi marefu yaliyo uchi yenye kishada cha majani mwishoni mithili ya ufagio wa uani, ndiyo sura ya mtufaha usiopata usingizi. Jicho la mwisho wa tawi linaendelea kukua bila kusimama na kuyazuia macho yote yaliyo chini yake yasifunguke. Majani nayo, kadiri yanavyokaa kwenye mti, yanayazuia macho yaliyo kwapani mwao.

Huko Batu, karibu na mji wa Malang katika Java Mashariki, ambako ni nchi ya joto kama yetu na mashamba mengi yako kwenye mwinuko usiotofautiana sana na wa Mwanza, wakulima wamezalisha matufaha ya biashara kwa miaka mingi bila majira ya baridi. Wanachofanya ni kuubadilishia mti majira kwa mikono. Baada ya mavuno wanaupumzisha kidogo, kisha wanapukutisha majani yote, jani kwa jani, wanainamisha matawi, wanapogoa, wanamwagilia na kuweka mbolea. Macho yaliyokuwa yamebanwa, kabla hayajaingia katika usingizi mzito ambao baridi pekee ndiyo ingeyaamsha, hufunguka, na maua huja baada ya wiki chache. Kwa njia hiyo hupata mavuno mawili kwa mwaka.

Kwa Sengerema ningeshauri uanze na zao moja, kwa kufuata kiangazi. Mvua za masika zinapokwisha mwishoni mwa Mei, usimwagilie mti mwezi wote wa Juni. Mwanzoni mwa Julai, chukua ngazi na wajukuu wawili, mpukutishe majani yote kwa kuyavuta kuelekea nyuma, upande wa shina, ili msiling'oe jicho lililo kwapani mwa jani. Msiache hata yale ya nchani. Kisha kata ncha za matawi marefu kwa robo au theluthi, na yale yanayosimama wima uyainamishe taratibu mpaka yakaribie kulala, uyafunge kwa kamba kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini. Watu wengine huning'iniza mawe, nayo mawe Mwanza hatujawahi kuyakosa. Tawi lililolala hupoteza ule ubabe wa ncha, na macho ya katikati hupata nafasi.

Baada ya hapo ndipo unamwagilia maji ya kutosha, unaweka samadi, na kufunika udongo kwa nyasi kavu kuzunguka shina, ila nyasi zisiliguse shina lenyewe, kwa sababu mchwa wa kwetu hawahitaji mwaliko wa pili. Maua yakija Agosti yatakuta anga kavu, jambo ambalo ni jema, kwa kuwa mvua huharibu chavua na kuwafungia nyuki mzingani. Matunda huchukua miezi minne hivi, kwa hiyo tarajia kuchuma Desemba, na mpaka vuli zinyeshe vizuri maji ni juu yako.

Mwaka wa kwanza mti unaweza kukupa kidogo, maana matawi yaliyokwisha kuwa uchi kwa miaka huchelewa kusikia. Na kama una Anna peke yake, tafuta Dorsett Golden uipande jirani, au angalau ubebeshe tawi lake moja juu ya mti huo huo, maana maua bila mwenzake hushika matunda machache. Ua likiwa wazi usipulize dawa ya wadudu ya aina yoyote. Utamuua yule yule unayemngoja.

Swali: Mimi ni msomaji wa Ukerewe. Mchuuzi mmoja wa miche aliniuzia miche minne akisema ni ya tufaha. Imekua vizuri ajabu, majani ni makubwa na yanang'aa, lakini mgeni wangu kutoka Unguja ameiona akacheka, akasema kwao imejaa. Nimetapeliwa?

Jibu: Ndugu yangu, yawezekana mchuuzi wako hakusema uongo, alisema Kiswahili cha Pwani. Huko tofaa, ambalo wengine hulitamka tufaa, ni tunda jingine kabisa, jekundu, lenye umbo kama la pea, jepesi na lenye maji mengi, na mti wake ni jamaa ya mkarafuu na mzambarau. Hili la dukani tunaloliita epo liko katika ukoo wa waridi. Majina yamegongana, na mnunuzi ndiye anayelipa.

Kuitambua miche ni rahisi. Jani la mtufaha wa epo ni dogo, kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno, upande wa chini una vinyweleo laini, na majani hupishana kwenye tawi, moja huku, jingine kule. Jani la mtofaa wa Pwani ni kubwa, nene, halina meno, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Mche wa epo uliobebeshwa utauona pia kwa kovu la kiungo chini ya shina, mahali ambapo mti hupinda kidogo na ganda hubadilika rangi. Usipoliona kovu hilo, usilipe bei ya mche uliobebeshwa.

Kwa maelezo yako, una mitofaa minne. Usiing'oe. Mti huo unapenda joto na unyevu, hauulizi baridi ya mtu, na Ukerewe, yenye mvua nyingi kuliko upande wetu wa bara, utaufaa. Uupe nafasi ya mita nane kutoka mti hadi mti, na usipande karibu na karo la maji machafu. Maua yake ya waridi iliyokolea yakianza kudondoka, ardhi yote chini ya mti hugeuka kama busati, na matunda hayako mbali.